Spironolaktoni ukiwa Mbeya: kidonge kizuri, ila ndizi na choo cha nje

Naanza na hukumu, maana najua wengine hamtafika mwisho. Kwa mwanamke trans, yaani aliyezaliwa akahesabiwa mwanamume, anayeishi Mbeya na mwenye figo nzima, dawa ya kuzuia homoni za kiume ninayoiona inafaa ni spironolaktoni. Kwa nguvu inashindwa na saiproteroni, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Ila inapatikana, na hatari yake kubwa inaonekana kwenye kipimo cha damu ambacho maabara za hapa mjini zinacho. Kwangu hayo mawili yalitosha.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko upande wa Mwanjelwa. Jina langu na la daktari wangu mtanisamehe, sababu mnazijua. Daktari yuko nje ya nchi, tunaongea kwa simu, na dozi alipanga yeye baada ya kuona vipimo vya figo na presha yangu. Ninachoandika hapa ni jinsi maisha yalivyo na dawa hiyo ukiwa huku juu, basi.

Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni dawa ya moyo, ya presha, na ya maji yanayojaa tumboni kwa wagonjwa wa ini. Wengi wanaifahamu kwa jina la Aldactone. Ndiyo maana naipata dukani bila mtu kunishangaa. Mama ninayenunua kwake, nikishamwamkia, huuliza, "Mzee anaendeleaje na moyo?" Alijiamulia mwenyewe kwamba ninamchukulia baba. Baba yangu yuko Rungwe anachuma chai, na kilima anachopanda kila asubuhi mimi kingenimaliza. Najibu tu, "Hajambo mama, anakusalimia."

Kasheshe lilikuja kwenye idadi. Pakiti ninazozikuta ni za miligramu 25, na mgonjwa wa moyo mara nyingi humeza kimoja au viwili kwa siku. Sisi miongozo ya mwaka 2022 ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans, inataja miligramu 100 hadi 300 kwa siku, yaani viganja vya vidonge. Mama alivua miwani. "Mwanangu, dozi ya mzee mbona imepanda hivi?" Akataka karatasi ya daktari, akaisoma yote, ndipo akahesabu. Nampa alama zote kwa hilo. Duka linalokuuzia vidonge vingi hivyo bila swali hata moja, mimi nalikwepa.

Utendaji wake ni huu: testosteroni, homoni ya kiume, inapofika kwenye seli inakuta kiti kimekaliwa na dawa. Homoni yenyewe inaweza isishuke sana kwenye damu kwa kidonge hiki peke yake. Anayeishusha hasa ni estrojeni, homoni ya kike, na hiyo mimi natumia pia. Kwa hiyo ukipima testosteroni ukaikuta bado ipo ipo, usikimbilie kuitukana dawa. Mwulize daktari estrojeni yako inatosha au la.

Sasa choo. Spironolaktoni inafukuza maji na chumvi mwilini kupitia mkojo, na Mbeya mwezi Juni na Julai si mahali pa kutoka nje saa nane usiku. Nyumba niliyopanga choo kiko uani. Majani yana barafu nyembamba, mbwa wa jirani anakubwekea kama mwizi, na wewe umejifunga khanga mbili juu ya sweta. Daktari alinihamishia dozi ya pili kutoka usiku kwenda mchana, na hapo ndoa yangu na dawa hii ikapona. Safari ya Dar ni habari nyingine. Basi linasimama kuchimba dawa pale linapotaka lenyewe, si pale kibofu kinapotaka, na kwa mtu kama mimi kuchuchumaa au kusimama porini mbele ya abiria ni mtihani wa aina yake. Siku hizi kama sina haraka napanda gari moshi la TAZARA. Linachelewa, lakini lina choo.

Nisichokiona kikiandikwa na wenzetu wa Ulaya na Marekani ni chakula, na kwetu hapo ndipo penye kazi. Dawa hii inaifanya figo ibakize potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula vingi. Potasiamu ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo, na ubaya wake inaweza kupanda bila wewe kuhisi lolote. Wengine husikia misuli kulegea au moyo kurukaruka, wengine hawasikii kitu. Kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Sasa hebu tazama sahani ya Nyanda za Juu Kusini. Ndizi za Tukuyu, maharage, viazi mviringo vya Uporoto, parachichi la Rungwe au la Njombe kila mahali msimu ukifika. Vyote hivyo vimejaa potasiamu. Bibi yangu akinipikia, ni ndizi na maharage, halafu parachichi pembeni, halafu anauliza mbona sijamaliza.

Sikuambiwa niache kula. Mtu mwenye figo nzima, daktari anasema, kwa kawaida anamudu chakula cha kawaida, mradi apime. Mimi nilichobadilisha ni kuvipanga: siku ya ndizi sio siku ya parachichi zima, na viazi mama yangu akivimenya namwomba avichemshe kwa maji mengi ayamwage, kwa sababu sehemu ya potasiamu huondoka na maji hayo. Ile chumvi mbadala inayouzwa kwa watu wa presha nimeikataa kabisa. Soma kifuko chake: mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Mwenye presha anayetumia spironolaktoni akinunua hiyo akidhani anajitendea wema, anajiumiza.

Hapohapo nitaje Septrini. Hapa kwetu kikohozi Septrini, tumbo Septrini, kuungua mkojo Septrini, na wapo wanaoimeza kila siku kwa maelekezo ya kliniki. Ndani yake kuna trimethoprimu, nayo inapandisha potasiamu. Ukiichanganya na spironolaktoni mzigo unakuwa mara mbili kwa figo moja. Losartani na enalaprili za presha, na diklofenaki ya maumivu, nazo zimo kwenye orodha ya kumwambia daktari. Kama unapewa dawa yoyote, taja spironolaktoni. Si lazima useme unaitumia kwa nini. Mimi husema "nipo kwenye spironolaktoni", mtoa dawa anaangalia kompyuta yake, tunaendelea.

Upande wa faida. Mafuta usoni yalipungua kwanza, chunusi za mgongoni zikafuata. Zile ziara za asubuhi ambazo hakuna aliyezialika ziliacha kuja, na hamu ya tendo ilishuka pia. Kwangu ni nafuu, kwa mwingine itakuwa hasara, jadilianeni na mwenzi. Nywele za mwili zinapungua polepole mno, hesabu miezi sita hadi mwaka au zaidi. Ndevu hazikuondoka. Zinaota taratibu na laini kidogo, lakini wembe uko palepale bafuni. Sauti haibadiliki hata chembe, hiyo ni ya kufanyia mazoezi. Na jambo la uzazi liulizwe mapema kabla ya kidonge cha kwanza, maana mbegu zinaweza kupungua na kurudi kwake hakuna wa kukuhakikishia.

Kero ndogo: kizunguzungu nikiinuka ghafla kwenye cherehani, kwa sababu presha inashuka. Nakunywa maji, nainuka kwa awamu. Wateja wanadhani naringa.

Saiproteroni niliipima kwenye mizani kwa muda mrefu. Yenyewe inauzuia ubongo kuamrisha testosteroni itengenezwe, hivyo kwenye damu inashuka kweli kweli. Choo hakikusumbui. Dozi za siku hizi ni ndogo, kama miligramu 10 kwa siku, wakati zamani watu walipewa 50 na hata 100. Kilichonirudisha nyuma ni viwili. Mwaka 2020 wadhibiti wa dawa wa Umoja wa Ulaya waliiwekea masharti kwa sababu ya meninjioma, uvimbe kwenye utando wa ubongo. Ni nadra, lakini hatari inakua kadiri ulivyokusanya dozi kubwa kwa muda mrefu. Kwa dozi ndogo nafasi ni finyu zaidi, nakubali. La pili ndilo lililoamua: huku sikuipata dukani. Rafiki yangu wa Iringa anaiagiza kutoka mbali, vidonge vya miligramu 50, anavikata robo kwa kisu cha jikoni, na mzigo ukikwama anakaa wiki bila dawa, na huzuni juu yake. Yeye hata hivyo haibadilishi, anasema akili yake imetulia. Sibishani naye. Wapo ambao dawa hiyohiyo huwashusha moyo, kwa hiyo angalia hali yako.

Bikalutamidi ni ya saratani ya tezi dume. Inaweza kuharibu ini, mara chache lakini vibaya, na miongozo ile ya 2022 haiipendekezi kuwa dawa ya kawaida kwetu. Nilipita. Finasteridi inasaidia kipara, haifanyi kazi ya kuzuia testosteroni yenyewe. Goserelini, ile sindano ya chini ya ngozi ya tumbo ya kila siku 28, ni safi kuliko zote na mfuko wangu hauijui.

Na shosti zangu mnaomeza vidonge vya uzazi wa mpango mafungu mafungu mkidhani ni njia ya mkato: vingi vina ethinilestradioli, aina ya estrojeni ya kutengenezwa, na kwa wingi huo mnaitafuta damu kuganda kwenye miguu na mapafu. Ukivuta sigara, zaidi.

Tathmini ya nyota basi. Upatikanaji tano. Kazi kwenye ngozi nne, kwenye ndevu mbili. Choo cha usiku moja, na hiyo moja ni kwa sababu Desemba kuna joto kidogo. Kwenye fomu ya maabara hakikisha wameandika potasiamu, sodiamu na kreatinini, kile kipimo cha kazi ya figo; sehemu moja niliyopima walinirudishia kreatinini peke yake na bei ileile, nikawarudisha mezani. Daktari ananipimisha kabla ya kuanza, wiki chache baada ya kila badiliko la dozi, kisha kwa vipindi. Kipimo kijacho testosteroni ikiwa bado chini, ameahidi tutaanza kupunguza vidonge, tuone kama estrojeni inaweza kuishikilia peke yake. Mama wa duka nitamwambia mzee amepata nafuu.