Adapta ya lenzi za zamani kwenye Sony: uzoefu wangu (na yule kaka wa dukani)

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nilinunua adapta ya kuvalisha lenzi za uzi za zamani, zile za M42, kwenye Sony a6000 yangu. Duka lipo Kariakoo, silitaji maana sitaki kesi. Msinunue. Hiyo ndo rivyuu, wenye haraka mnaweza kuishia hapa.

Lenzi yenyewe haina kosa. Ni Helios 44-2 ya Mrusi, ya baba mdogo aliyesoma Moscow enzi za Usovieti akarudi nayo ikiwa kwenye kamera ya filamu ya Zenit E, ikakaa kabatini miaka na miaka. Chuma kitupu, pete zinazunguka laini, na ukiimulika na tochi ndani ni safi, kitu ambacho kwa joto na unyevu wa Dar ni bahati kubwa, maana lenzi nyingi za umri ule hapa mjini ukizimulika unakuta fangasi zimetanda kama utando wa buibui.

Sasa dukani. Tumefunga lenzi, kamera ikagoma kupiga. Yule kaka anasema, "Dada, kamera yako haisapoti." Haisapoti nini? Lenzi ile haina chipu wala waya, kamera haiioni kabisa, inadhani pale mbele kuna tundu tupu. Nikaingia kwenye menyu, nikairuhusu ipige hata kama haioni lenzi, ikapiga palepale. Akanyamaza. Nikajaribu makava ya simu yaliyoning'inia pale ukutani, yako kali kabisa, nikalipa.

Shida ikaja ukumbini, sendofu ya binti mmoja Mbagala. Mashangazi wamepangwa mstari na sare zao, na lenzi hii ya milimita 58 kwenye sensa ndogo kama ya a6000 inavuta kama ya 87, kwa hiyo lazima urudi nyuma kwelikweli, nikarudi mpaka mgongo umegusa meza ya vinywaji. Nazungusha pete mpaka mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala, ambapo inatakiwa kila kitu cha mbali kishike, mpaka mwezi ukitaka. Hakishiki! Pete imegota na fokasi iko kwenye mita sita hivi, mashangazi wako nyuma ya hapo, sura hazina macho, vitenge vimeyeyuka. Nikabana tundu la mwanga la lenzi mpaka f/11, kidogo wakaonekana, ila usiku ule ukumbini ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) ikapanda na picha zikawa chengachenga, huku MC ananiita kwenye maiki "mpiga picha tunakusubiri wewe". Nikarudisha lenzi niliyonunua na kamera na kazi ikaisha hivyohivyo.

Nikarudi dukani. Jamaa hajainua hata macho kwenye simu. "Sista, lenzi za mkono zinataka mtu anayejua." Mbele ya wateja! Mimi kodi ya nyumba nalipa kwa picha za sherehe. Nikamwambia taratibu kwamba lenzi hiyohiyo nimeirudisha kwenye Zenit yake nikachungulia mnara wa simu na vyuma vyake vyote nimeviona, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye adapta. Akajibu, "Basi lenzi imechoka, tafuta mpya." Hela? "Boksi limeshafunguliwa." Na risiti yenyewe kaandika kwa mkono "adapta 1", jina la duka hamna.

Palepale kuna kijana anauziwa adapta ya lenzi za uzi kwenye Nikon, zile kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, na adapta haina kile kilenzi cha kurekebisha ndani. Haiwezi kushika mbali hata iweje, maana Nikon kutoka kwenye mdomo hadi sensa ni milimita 46.5, na lenzi inataka 45.46, yaani imeshapitiliza kabla hata adapta haijawekwa. Nikamwambia mdogo wangu ulizia kwanza. Hapo ndo yule kaka akainua macho, na sitaandika alichoniambia.

Hesabu ya adapta yangu ni hiyohiyo. Lenzi inataka 45.46, Sony ni 18, kwa hiyo kazi yote ya adapta hapa duniani ni kujaza 27.46, haina lenzi ndani haina umeme, ni bomba tu! Watengenezaji wengi huifanya fupi kidogo makusudi, vya mbali vikashika kabla pete haijafika kwenye alama na maisha yakaendelea. Ikiwa ndefu umekwisha. Nikaipeleka Gerezani kwa fundi mchonga vyuma, akaibana na kalipa: 28. Nusu milimita na ushee, basi, ndiyo iliyokula mashangazi wa watu.

Fundi akaichonga upande wa uzi, polepole, anapima anachonga, na hela aliyonitoza naona hata aibu kuitaja.

Sasa hapa ndo nachanganyikiwa. Nimempiga bibi picha amekaa chini ya mwembe, tundu nimefungua mpaka f/2, na majani nyuma yake yamejizungusha duara, yeye katikati katulia, kila kunyanzi kinahesabika. Watu wananiuliza ni programu gani. Fokasi ni mkono, zile rangi nyekundu ambazo kamera inapaka kwenye kingo za kilichoshika zinasaidia ila kwa f/2 zinadanganya, bora ukuze picha kwenye skrini uangalie jicho. Lenzi ya dukani ya hela nyingi hainipi hii kitu. Kwa hiyo adapta ni nzuri? Sijui. Nzuri baada ya fundi. Mimi siiuzi.

(Kama lenzi yako ina kipini kidogo nyuma, tafuta adapta yenye ukingo wa kukibonyeza, la sivyo utazungusha pete ya mwanga na hakuna kitakachofunga. 44-2 haina hicho kipini.)

Halafu juzi naona meseji ya WhatsApp: "Dada habari, yule fundi wako yuko wapi, kuna mteja analalamika." Ni yeye! Yule yule wa lenzi imechoka. Namba ya fundi ninayo, hela yangu kwanza.