Nimeprinti picha ya mwaka 1630: tumchambue Judith Leyster

Haya wadau, karibuni. Leo mezani hakuna simu, hakuna spika, hakuna chaja ya kuwasha moto nyumba. Leo nina mtu. Ngoja nisogeze kamera... hapo hapo. Huyu dada mwenye kola pana kama sinia, aliyegeuka kana kwamba umemwita kwa jina, anaitwa Judith Leyster. Mholanzi wa mji wa Haarlem. Na huyu kajichora mwenyewe, mwaka 1630 hivi, akiwa na miaka kama 21.

Picha halisi ipo National Gallery of Art, Washington, Marekani. Ni rangi ya mafuta kwenye turubai, sentimita 74.6 kwa 65.1. Si kubwa, unaibana kwapani na daladala unapanda. Mimi nauli ya Washington sina, ila tovuti ya makumbusho inatoa faili kubwa bure kabisa, kwa hiyo nilipakua, nikapeleka duka moja la kuprinti hapa mjini, saizi A2. Walichonifanyia nitawaambia, subirini.

Anza na mdomo. Nimevuta karibu kwenye laptop, mnaona? Midomo imeachana kidogo, kama mtu aliyekatishwa katikati ya sentensi. Picha nyingi za watu wa zama zile zimekaa wima, zimenuna, zinasubiri kuheshimiwa. Huyu kaegemeza kiwiko kwenye kiti, kajizungusha, anataka kukuambia kitu. Kwangu mimi nusu ya picha iko kwenye hicho kiwiko.

Sasa shuka mikononi. Mkono wa kulia una brashi moja, tayari kwa kazi. Wa kushoto umeshika kibao cha rangi, kitambaa, na fungu la brashi. Ukizihesabu zinakaribia 20, zimetawanyika kama vijiti vya mishikaki. Aliyewahi kushika brashi anajua kukamata zote hizo kwa pamoja ni kujionesha. Na ukitazama zilivyochorwa, nyingine ni mkwaruzo mmoja tu wa rangi, kapitisha mkono mara moja akaondoka. Hajarudi kusahihisha. Mimi hapo napiga saluti.

Halafu nguo. Kola ya lesi, mikono ya lesi, kofia ya lesi. Jamani, nani anachora kwa rangi ya mafuta akiwa amevaa hivyo? Fundi gereji gani anaingia chini ya gari na kanzu ya Idi? Ndiyo maana nasema hii si picha ya mtu kazini. Hili ni bango la biashara. Dada anatafuta wateja.

Ushahidi huu hapa kwenye stendi ya kuchorea. Ile picha anayoichora ni ya mpiga fidla anayecheka, mwenye nguo za buluu. Huyo jamaa hakutoka hewani, yumo kwenye picha yake nyingine ya watu wanaosherehekea, aina iliyokuwa inanunuliwa sana Uholanzi wakati ule. Na raha yenyewe ni hii: wataalamu walipopiga picha hii kwa miale ya infraredi, chini ya mpiga fidla walikuta uso wa mwanamke, inaelekea ni wake mwenyewe. Yaani mwanzoni alikuwa anajichora akijichora. Akafuta, akaweka mcheza muziki. Ukiuliza kwa nini, mimi nasema hesabu. Sura yake tayari ipo mbele, inatosha kuonesha kwamba anajua kuchora watu. Ile nafasi nyingine akaonesha bidhaa ya pili. Turubai moja, matangazo mawili.

Na biashara alikuwa anaijua. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia kilichoitwa Leyster, familia ikachukua jina hapo. Maana yake ni nyota ya kuongozea njia, basi binti akaigeuza nembo: herufi J na L zilizoshikana, na kinyota pembeni. Mwaka 1633 aliingia Chama cha Mtakatifu Luka cha Haarlem, yaani chama cha wachoraji wa mji, miongoni mwa wanawake wa kwanza, na hapo ndipo unaruhusiwa kufungua karakana yako na kupokea wanafunzi. Miaka miwili baadaye mwanafunzi wake mmoja akamkimbia, akahamia kwa Frans Hals, mchoraji mwenye jina kubwa kuliko wote mjini. Judith hakumung'unya maneno, alipeleka shauri chamani. Hals akatozwa faini.

Mkumbukeni huyo Hals, anarudi sasa hivi.

Mwaka 1636 Judith aliolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer, wakahamia Amsterdam. Kazi zake zinazojulikana baada ya hapo ni chache mno. Alifariki 1660, na jina likazama naye. Picha zake ziliendelea kuuzwa, ila kama za mume, au kama za Hals. Zaidi ya miaka 200! Mpaka 1893, Hofstede de Groot, mtaalamu wa sanaa, akathibitisha kwamba picha iliyokuwa inauzwa kwa jina la Hals, ya mwanamume na fidla na mwanamke mwenye glasi, ambayo sasa ipo makumbusho ya Louvre, Paris, ina zile herufi zilizoshikana. Na kinyota. Kumbe kila mtu aliyeisifia kama Hals alikuwa anamsifia yeye bila kujua. Mwenyewe nilikaa nikacheka peke yangu.

Kuna watu watanijazia maoni hapo chini, "lakini anamuiga Hals." Kasi ya mkono wanafanana, sikatai. Ila tazama mwanga kwenye shavu, na kivuli laini cha kola chini ya kidevu. Hapo katulia, kafuta haraka yote. Mimi nawatofautisha hapo.

Haya, printi yangu. Faili halina tatizo, ukivuta unaona nyufa za rangi. Tatizo ni duka. Kwanza picha haiendani na umbo la A2, nikaomba waache weupe pembeni. Wao wakaivuta ijae. Tazameni, dada wa watu kawa mrefu kama mnazi. Pili, buluu ya mpiga fidla imegeuka zambarau. Na ile nyeusi ya nguo, ambayo kwenye skrini ina mikunjo mingi, hapa ni bonge moja la giza, kama lami. Nilipolalamika nikaambiwa, "Kaka, si ni picha ya zamani?"

Picha yenyewe nampa 10 kwa 10. Hii karatasi, 3, na hizo 3 ni za kiwiko. Anayejua duka la kuprinti hapa Dar linalotumia karatasi nzito na lisilovuta sura za watu, aniandikie chini, nataka niende Jumamosi.