Uzoefu wangu: kupanga picha kwa Flutter, za Isimila, Ziwa Ngozi na Kimondo cha Mbozi

Nimetumia Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, kwenye programu ya vivutio vya Nyanda za Juu Kusini. Hapa naongelea picha tu: zinavyokuzwa, zinavyopunguzwa na zinavyokaa mahali pake. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Picha za huku kwetu ni mtihani mzuri. Nguzo za Isimila kule Iringa mtu huzipiga simu ikiwa wima. Ziwa Ngozi, ukiwa juu kwenye ukingo, unailaza simu. Kimondo cha Mbozi nacho kinataka kuonekana chote, mwanzo hadi mwisho. Halafu zote tatu zikae kwenye kadi za saizi moja, upana 360 na kimo 200.

BoxFit, yaani mpangilio unaosema picha ikae vipi ndani ya kisanduku chake, ina chaguo saba, lakini kazi ya kila siku inafanywa na mawili. contain inaonyesha picha nzima na kuacha nafasi tupu pembeni. cover inajaza kadi na kukata kinachozidi. Usitumie fill kwa picha ya kitu halisi, maana inavuta kila upande kivyake na kimondo kinakuwa bapa kama chapati.

Kinachonifanya niipende Flutter ni alignment, inayosema sehemu gani ya picha ibaki; namba yake ya pili ni ya wima, -1 ni juu, 0 katikati, 1 chini. Chukua picha ya Isimila yenye pikseli 3000 kwa 4000. Kwa cover inashushwa hadi upana wa 360, kimo kinakuwa 480, na kadi inabeba 200 tu. Zinazidi 280. Usiposema kitu, inakata 140 juu na 140 chini, na vilele vya nguzo, ambavyo ndivyo mgeni anavifuata, vinapotea. Weka Alignment(0, -1) na juu hapaguswi kabisa, 280 zote zinakatwa chini. Weka Alignment(0, -0.5) na juu zinakatwa 70, chini 210. Kwa nguzo hiyo ya pili naiona nzuri zaidi, kwa sababu kidogo cha anga hakina faida. Namba hiyo itunze kwenye hifadhidata pamoja na jina la picha, kila picha na yake. Ukiweka namba moja kwa picha zote, ukiponya nguzo utaharibu ziwa.

Sasa mahali panapowachosha wanaoanza. Unaandika width: 80 (upana wa picha) ndani ya ListView, yaani orodha inayosogezwa, na picha inachukua upana wote wa skrini kana kwamba hukuandika chochote. Hakuna kosa linalotokea, hakuna onyo. Sababu ni kwamba kwenye Flutter mzazi, yaani kisanduku cha nje, ndiye anayepanga mipaka, na ListView ya wima humlazimisha mtoto, yaani kilichomo ndani, awe na upana wote wa orodha. Ifunge picha ndani ya Align au Center, visanduku vinavyomwachia mtoto saizi yake, na 80 yako itaheshimiwa. Kwenye Row, inayopanga vitu kando kwa kando, ni kinyume chake: picha na maelezo vikizidi upana, unaona mistari ya njano na nyeusi pembeni. Dawa ni kuyafunga maelezo kwa Expanded, inayoyapa nafasi iliyobaki tu, picha uiache na saizi yake.

Picha za mtandaoni zifunge kwa AspectRatio, inayoshikilia uwiano wa upana kwa kimo, kwa kadi hii 9/5. Bila hivyo kisanduku hakina kimo hadi picha ifike, na ikifika inasukuma maandishi chini wakati mtu tayari anasoma. Mtandao ukiwa mzito, anasukumwa mara nyingi. Kwa pembe za mviringo tumia ClipRRect, inayokata picha yenyewe; borderRadius ya Container (kisanduku cha kawaida) peke yake inapamba mandharinyuma tu, haikati picha.

Sehemu nzito ni kumbukumbu ya simu. Picha ya 4000 kwa 3000 inaweza kuwa MB 3 kwenye faili, lakini ikifunguliwa kila pikseli inakula baiti 4, jumla karibu MB 48. Akiba ya picha ya Flutter kwa kawaida ni MB 100, kwa hiyo zinaingia mbili. Ya tatu inafukuza ya kwanza, na ukirudi juu inafunguliwa upya. Ndiyo maana orodha inakwamakwama kwenye simu za bei nafuu.

Tiba ni cacheWidth, yaani upana ambao picha inafunguliwa nao kwenye kumbukumbu; cacheHeight ni kimo chake. Inahesabu pikseli halisi za skrini, kwa hiyo zidisha upana wa kadi kwa devicePixelRatio, yaani idadi ya pikseli halisi kwa kila kipimo kimoja cha Flutter, kisha kadiria iwe namba kamili. Kwa 360 kwenye simu ya uwiano wa 2 unaweka 720, na picha ileile inashuka hadi MB 1.6 hivi. Weka upande mmoja tu. Ukiweka cacheWidth na cacheHeight kwa pamoja, picha inabanwa kufuata namba hizo mbili kabla cover haijafanya kazi, na nguzo za Isimila zinafupika.

Kuna mtego mwingine. Kadi ikiwa ya mraba, 360 kwa 360, na picha ya ziwa imelala, 720 ya upana inazaa kimo cha 540 wakati kadi inahitaji 720. Ziwa linaonekana lina ukungu hata siku isiyo na ukungu. Hapo tumia cacheHeight ya 720 badala yake.

Nyota 1 nimeizuia hapa: hesabu hiyo yote unaifanya mwenyewe, ilhali Flutter inajua saizi ya kadi na ya skrini. Tena cacheWidth haiokoi bando hata kidogo. Faili la MB 3 linapakuliwa lote, ndipo linapunguzwa. Kama watumiaji wako wananunua bando la siku, andaa picha ndogo za upana wa 720 kwenye seva, na ile kubwa iitwe tu mtu akigusa kadi.