Barakoa zimevuliwa, simu imebaki: uzoefu wangu wa Disney World na meli za kitalii za Florida

Anayepanga kwenda Orlando, Florida, kwenye bustani za burudani za Disney World, kisha kumalizia na meli ya siku tatu au nne ya Bahamas, bado huuliza kwanza kama cheti cha chanjo ya korona kinadaiwa. Hakidaiwi. Kipimo cha kabla ya kupanda ndege kwenda Marekani kilifutwa Juni 12, 2022, na sharti la chanjo kwa wageni wasio raia likafutwa Mei 12, 2023. Anayetoka Kenya au Uganda asisahau tu kile kitabu cha manjano cha homa ya manjano, kwa sababu Bahamas ni miongoni mwa nchi zinazoweza kukidai. Visa ya Marekani nayo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja: meli ikirudi bandarini, unaingia nchini upya.

Tathmini yangu inahusu zaidi kilichobaki. Masharti yaliyolinda afya yameondolewa karibu yote. Yale yaliyowapunguzia wenye biashara kazi, au kuwaongezea mapato, yamebaki, na mengine yamepandishwa bei.

Disney World ilifungwa katikati ya Machi 2020, ikafunguliwa Julai 11 mwaka huo kwa barakoa za lazima kuanzia umri wa miaka miwili. Nje ziliruhusiwa kuvuliwa Mei 2021. Ndani, kwa waliochanjwa, Juni 15. Julai 30 zikarudishwa kwa wote ndani. Februari 17, 2022 waliochanjwa wakaruhusiwa tena kuvua. Mabasi na treni ya juu ndiyo yaliyochelewa, hadi Aprili 19, 2022, siku moja baada ya jaji wa shirikisho huko Tampa kubatilisha sharti la barakoa kwenye usafiri wa umma. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakigeuka, ushauri wowote wa mtandaoni usio na tarehe ni wa kupuuzwa tu.

Mlangoni ndipo nilipopapenda. Zamani begi lilifunguliwa juu ya meza na kupekuliwa. Bustani zilipofunguliwa upya zikawekwa mitambo ya kukagua bila kugusa, na imebaki: unapita katikati ya nguzo mbili na begi lako mgongoni, kwa mwendo wa kawaida, husimami. Kinachokwamisha watu ni mwavuli wa kukunja, chupa ya maji ya chuma na kasha gumu la miwani. Mtambo ukivishuku, unaitwa pembeni na begi lote linafunguliwa. Vitoe kabla hujafika kwenye nguzo, uvishike mbele yako mikono ikiwa imenyooshwa, upite navyo hivyo. Ni sekunde tano tu, lakini familia nyingi zinaishia pembeni kwa ajili ya mwavuli mmoja.

Foleni ni habari nyingine. Enzi za umbali wa futi sita, foleni ilitoka nje ya jengo na kuzunguka hadi kwenye vichaka, ukiiona unakata tamaa. Lakini ilikwenda. FastPass+, ile njia ya haraka iliyokuwa ya bure, ilikuwa imesimamishwa, kwa hiyo hata viti vingine vilipoachwa wazi, vilivyojazwa vyote vilikuwa vya watu wa foleni ya kawaida. Vibandiko vya sakafuni vikabanduliwa, viti vikajazwa, na Oktoba 19, 2021 ikaja Genie+, njia ya haraka ya kulipia, kwa dola 15 kwa mtu kwa siku. Kilichokuwa bure hadi Machi 2020 kikarudi na bei. Tangu Julai 24, 2024 huduma hiyo inaitwa Lightning Lane Multi Pass, na bei yake hupanda na kushuka kulingana na tarehe na bustani. Siku hizi foleni ya kawaida ni fupi kwa macho na nzito kwa miguu, maana sehemu kubwa ya viti hupewa waliolipia. Usiipime kwa urefu. Soma dakika zilizoandikwa langoni au kwenye programu ya Disney ya simu.

Ukiamua kulipia, wanaolala hoteli za Disney wanaanza kuchagua siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla ya siku yenyewe, saa 1:00 asubuhi ya Florida. Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi hiyo ni saa 8:00 mchana Marekani inapokuwa kwenye saa za kiangazi, na saa 9:00 alasiri wakati wa baridi. Unachagua vivutio vitatu ndani ya bustani moja, na katika bustani nyingi huruhusiwi kuchukua vikubwa vitupu: kimoja kikubwa, viwili vya daraja la chini. Vile vinavyogombewa kupita vyote huuzwa peke yake. Cha kwanza kiweke asubuhi mapema kadiri inavyowezekana, kwa sababu ukishakitumia tu, unaruhusiwa kuongeza kingine.

Watu hukwama kwenye mambo mawili. La kwanza, tiketi za familia hazijaunganishwa chini ya akaunti moja, hivyo mama na watoto wanapata nafasi, baba anabaki nje. La pili, kadi ya benki ya nyumbani inakataa malipo ya nje mtandaoni. Hilo la kadi lishughulikie na benki wiki moja kabla, maana wakati ukizungumza na huduma kwa wateja, nafasi za asubuhi zinakwisha. Na betri ya akiba beba.

Kuna jambo moja walilolegeza kwelikweli, nalo ni kuweka nafasi ya kuingia bustanini. Tiketi yenye tarehe haihitaji tena kuweka nafasi Disney World tangu Januari 9, 2024, na siku hiyo hiyo kuhama bustani moja kwenda nyingine kukaruhusiwa saa zote badala ya kungoja saa 8:00 mchana. Disneyland ya California iliendelea kudai nafasi hata baada ya hapo. Usidhani kanuni za huku ni za kule.

Chakula kwa simu kilikuwepo kabla ya korona, ila korona ndiyo iliyokifanya mazoea. Unachagua muda wa kufika, unalipa, lakini jikoni hawaanzi mpaka ubonyeze kwamba umefika. Utawaona watu wamekaa mezani wakinung'unika kuwa chakula kimechelewa, kumbe hawajabonyeza. Agiza cha mchana saa 4:00 asubuhi. Ikifika saa 6:00, muda wa karibu unakuwa umeshachukuliwa.

Meli zilibanwa zaidi. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilizizuia Machi 14, 2020. Ya kwanza kubwa kuondoka na abiria wa kulipa kutoka bandari ya Marekani ilikuwa Celebrity Edge, Fort Lauderdale, Juni 26, 2021. Julai 18, 2022 CDC ikafunga mpango wake wa korona kwa meli, na kampuni zikaanza kulegeza moja baada ya nyingine. Kampuni ya Norwegian iliondoa chanjo, kipimo na barakoa kwa mkupuo kuanzia Oktoba 4, 2022.

Zawadi ya kipindi kile ni zoezi la usalama. Zamani abiria wote walikusanywa kwa wakati mmoja, wamebanana juani wakisikiliza maelekezo. Kampuni ya Royal Caribbean ikaleta utaratibu mpya mwaka 2020, na kampuni kadhaa zikafuata: unatazama video kwenye simu au runinga ya chumbani, unasikiliza king'ora, milio saba mifupi na mmoja mrefu, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako. Herufi na namba ya kituo zimeandikwa kwenye kadi ya chumba. Mhudumu anaiskani kadi, anakuonyesha namna ya kufunga jaketi okozi, mmemaliza. Kutazama video peke yake hakutoshi, na wanaojisahau hutajwa kwenye vipaza sauti meli ikiwa bado imefungwa gatini. Nenda mara tu unapopanda, kabla ya chakula.

Bufee ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia ulegezaji. Mwaka 2021 wahudumu walikupakulia. Sasa koleo moja la saladi linapita mikono mamia kwa mlo mmoja. Tatizo hapo ni norovirusi, ya kutapika na kuharisha, na dawa ya spiriti ya mikono haiiwezi vizuri. Maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, ndiyo yanayofaa. Meli nyingine zina sinki mlangoni mwa bufee: tumia sinki, usidanganywe na chupa ya jeli iliyo pembeni yake. Tena nawa baada ya kupakua pia, kabla hujashika mkate. CDC huchapisha mlipuko wa aina hii pale asilimia 3 au zaidi ya abiria au ya wafanyakazi wanaporipoti dalili, kwa hiyo rekodi ya meli yako unaweza kuitazama bure kabla ya kulipa.

Chumbani, kampuni kadhaa zilizokuwa zikisafisha mara mbili kwa siku zimebaki na mara moja. Omba taulo asubuhi, jioni hakuna anayekuja.

Kwenye pesa ndipo pa kuangalia zaidi. Wakati wa masharti, kampuni kadhaa zilikuruhusu kuahirisha hadi saa 48 kabla ya safari, na nyingine zilibeba gharama za karantini. Sasa malipo ya mwisho hukamilishwa takriban siku 75 hadi 90 kabla, na ukiugua baada ya hapo hasara ni yako. Daktari wa melini hulipiwa papo hapo kwenye akaunti ya chumba, na bima nyingi za afya za Marekani hazilipi ukiwa nje ya nchi. Nunua bima ya safari inayotaja kwa maandishi matibabu melini na kuhamishwa kwa ndege, na uinunue ndani ya siku chache tu baada ya malipo ya kwanza; ukichelewa, sera nyingi hazitakulipia ugonjwa uliokuwa nao tayari.