Gemu za anga za kuandikia programu: uliza kwanza faili linakaa wapi

Usiku kadhaa nilikesha nikiandika programu ya kuongoza chombo cha kuchimba madini angani, ndani ya gemu ambayo siitaji jina. Likaja sasisho, seva ikafutwa ikaanzwa upya, na programu yangu ikapotea nayo. Nilipolalamika nikajibiwa "asante kwa uvumilivu". Uvumilivu gani? Mimi nilitaka mistari yangu.

Kwa hiyo habari za picha nzuri na wingi wa sayari mtazisoma kwingine. Swali langu ni moja: nikiandika programu, naweza kuondoka nayo?

Namba moja ni Kerbal Space Program, gemu ya kuunda na kurusha roketi, ile ya kwanza, pamoja na kOS, modi (nyongeza ya mashabiki) ya bure inayokuwezesha kuandika programu za kuongoza chombo. Ndiyo, naipendelea, na sioni aibu. Kila unachoandika ni faili la maandishi la kawaida lenye mwisho wa .ks, liko kwenye folda ya gemu; unalifungua kwa kihariri chochote, unalinakili kwenye flashi, basi. Lugha yake inamaliza sentensi kwa nukta, kama barua: LOCK THROTTLE TO 1. Ukisahau nukta, programu inagoma roketi ikiwa bado chini. Utamu wenyewe ni kwamba chombo kina diski yake ndogo. Kikipita nyuma ya mwezi na mawasiliano yakakatika, huenda kisilifikie faili lililobaki nyumbani, hivyo linakili kwenye diski hiyo kabla ya kuruka. Nimejifunza hilo kwa kupoteza vyombo. Angalia tu usichanganye na Kerbal Space Program 2 ya 2023. kOS ni ya ile ya mwanzo.

Inafuata Space Engineers, iliyokamilishwa rasmi Februari 2019. Humo unaandika C# halisi, lugha ya kuandikia programu inayotumika hata nje ya gemu, na skripti, yaani programu zako, unaweza kuzihifadhi kwenye kompyuta yako. Kero: lazima uwashe hali ya majaribio, na mwenye seva anaweza kuzipiga marufuku skripti zote. Halafu mapambo yanauzwa kando, pakiti baada ya pakiti. Nimeshanunua gemu, jamani!

Stationeers, gemu ya kujenga na kuendesha kituo cha anga, ilianza kuuzwa Desemba 2017 ikiwa haijakamilika. Programu unaiandika kwenye chipu, na chipu moja inabeba mistari 128 tu. Ni tamu kwa wapenda mateso.

Ya bei nafuu? Juno: New Origins. Unapanga vipande vya amri badala ya kuandika. Inafaa kuanzia.

Na msinunue ahadi. Mwaka 2012 muundaji wa Minecraft alitangaza 0x10c, gemu ya anga yenye kompyuta ya biti 16 ndani ya chombo. Watu wakaanza kuiandikia programu kabla gemu yenyewe haijatoka, na haikutoka kamwe.

Wauzaji wanajaza kurasa zao milipuko. Sehemu ya kuandikia hawaionyeshi. Ukinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, hela inarudi ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Saa hizo zitumie hivi: andika mistari miwili, hifadhi, toka, litafute faili. Usipoliona, dai hela yako siku hiyohiyo.