Shoki mpya za KYB kwa Toyota Fielder yangu

Nimekaa na hizi shoki za kampuni ya KYB (zile za kuzuia gari isidundedunde) miezi minne sasa na gari imebadilika kabisa jamani. Zile za zamani zilikuwa zinavuja mafuta mpaka vumbi limegandia kama matope, ukipita bampu gari inadunda mara tatu nne ndio itulie, na tukishuka kona za Subukia inalala upande hadi mama watoto anashikilia mlango.

Gereji ya kwanza walitaka kubadilisha moja tu ya mbele, nikakataa, shoki hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Fundi wa pili hapa Nakuru ndiye alinifurahisha, aliingiza mtaimbo kwa kontroli am (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu) akaitikisa nikaona mwenyewe bushi yake ya mpira imepasuka, kumbe hata ningeweka shoki peke yake usukani ungeendelea kucheza. Tukabadilisha vyote na kufanya alainmenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyo hiyo, hiyo usiiruke.

Springi nimeacha zile zile za kampuni, ukishusha gari kwa springi fupi na haya matuta yetu utakwaruza sampu (bakuli la oil chini ya injini) kila siku. Kwa murram bado ni ngumu kiasi lakini kwa lami, wueh, kona inaishika vizuri sana.