Bengals na Chaguo la 17: Nani Aje Kuokoa Safu ya Ulinzi?

Karibuni sana watazamaji wangu. Leo mada ni drafti ya NFL, yaani ligi ya futiboli ya Kimarekani inavyogawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, na naongea kama shabiki wa Cincinnati Bengals, sina haja ya kujifanya nimekaa katikati. Drafti inaanza Alhamisi, tarehe 24 Aprili 2025, kule Green Bay, Wisconsin. Kwao ni jioni, ila kwa mliopo Dar, Nairobi au Kampala itakuwa saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Bengals tuna machaguo sita: la 17, la 49, la 81, la 119, la 153 na la 193. Basi. Kwa timu yenye matobo kama yetu, sita ni machache.

Kuna wageni humu, kwa hiyo niwaeleze haraka. Simba au Yanga wakimtaka mchezaji, wanatoa pesa wanamsajili, na mwenye pesa nyingi anapata wengi. NFL vijana wa vyuoni hawanunuliwi hivyo. Timu 32 zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inatangulia, na mchezaji haamui aende wapi. Duru ni saba. Sisi tulimaliza msimu wa 2024 tukiwa na ushindi 9 na vipigo 8, ndiyo maana tumesimama nafasi ya 17: si wabovu kiasi cha kuchagua mapema, na hatukufika hata mchujo, yaani mechi za mtoano za mwisho wa msimu.

Na hapo ndipo roho inaponiuma. Joe Burrow, kwotabeki wetu, yaani mrushaji mkuu wa mpira, amerusha yadi 4,918 na tachidauni 43 (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), hakuna aliyemzidi katika ligi nzima kwa yote mawili. Ja'Marr Chase ameongoza ligi kwa mipira aliyodaka, 127, kwa yadi, 1,708, na kwa tachidauni za kudaka, 17. Mpokeaji mmoja kuongoza kwa mambo yote matatu katika msimu mmoja ni nadra mno. Sasa niambieni, timu yenye watu hao wawili inakosaje mchujo?

Inakosa hivi. Tulifunga pointi 33 dhidi ya Washington, tukapigwa 38. Tukafunga 38 dhidi ya Baltimore, tukapigwa 41. Tukaenda Baltimore mwezi Novemba, Chase akadaka yadi 264 na tachidauni tatu usiku mmoja, tulikuwa tunaongoza 21 kwa 7, na bado tukapoteza 35 kwa 34. Halafu wakaja Pittsburgh nyumbani kwetu, tukafunga 38, wao 44. Mechi hizo nne tumefunga pointi 33 au zaidi na tumepoteza zote nne. Ungeshinda mbili tu kati ya hizo, leo tusingekuwa tunaongea hivi. Kocha wa ulinzi, Lou Anarumo, akaondolewa, akaletwa Al Golden kutoka Notre Dame. Golden anaijua nyumba, aliwahi kuwafundisha lainibeka wetu, yaani walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele, mwaka 2020 na 2021. Lakini kocha hamkabi mtu uwanjani.

Sasa sikilizeni suala la pesa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini drafti hii ni ya kufa na kupona. Mwezi Machi Chase amesaini miaka minne kwa dola milioni 161. Tee Higgins, mpokeaji wetu wa pili, miaka minne kwa milioni 115. Burrow tayari ana mkataba wa miaka mitano wa milioni 275. Chukua wastani wa mikataba hiyo mitatu, unapata dola milioni 124 kwa mwaka, na kikomo cha mishahara ya timu nzima mwaka huu wa 2025 ni milioni 279.2. Najua mahasibu wana mbinu zao za kusogeza malipo mbele, lakini mwisho wa siku hela ni ileile. Mimi naunga mkono kuwalipa wote watatu, na nilifurahi sana Higgins alipobaki. Ila ukishawalipa hivyo, huwezi tena kwenda sokoni kununua mabeki waliokomaa. Kijana anayechaguliwa nafasi ya 17 anasaini miaka minne kwa kiwango kilichopangwa na ligi, na jumla yake yote haifiki dola milioni 20. Kwetu sisi drafti ndiyo duka pekee la walinzi lililobaki wazi. Ukikosea pale, huna pa kurekebishia.

Tuangalie wapi panavuja.

Pembeni mwa safu ya mbele tuna Trey Hendrickson. Saki 17.5 msimu wa 2023, saki 17.5 tena 2024, kinara wa ligi. Saki ni pale unapomlaza kwotabeki chini mpira ukiwa bado mkononi mwake, na nusu inatokea wawili wakimwangusha pamoja. Peke yake ana karibu nusu ya saki zote za timu! Na huyo ndiye aliyeruhusiwa mwezi Machi atafute timu nyingine, kwa sababu anataka mkataba mpya. Mlipeni jamani. Upande wa pili Sam Hubbard, mtoto wa Cincinnati hapahapa, amestaafu. Myles Murphy, tuliyemchagua duru ya kwanza mwaka 2023, hana hata saki moja kwa msimu wote uliopita.

Na huyo Murphy ndiye sababu nina wasiwasi na jina ambalo kila mtu analihusisha na sisi: Shemar Stewart wa Texas A&M.

Nawaelewa wanaompenda. Ukimtazama, ana urefu wa futi 6 na inchi 5, uzito kilo 121, na pale Indianapolis kwenye kombaini, yaani majaribio ya vijana kabla ya drafti, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59. Mtu wa kilo 121! Akaruka juu inchi 40. Mwili kama ule hauuoni kila mwaka. Lakini chuoni amecheza misimu mitatu, na saki zake zote ukizijumlisha ni 4.5. Moja na nusu kila mwaka. Watetezi wake wanasema anafika karibu, anavuruga, anafungua njia kwa wenzake, na ukiangalia mikanda ni kweli, anawasukuma walinda kwotabeki wanarudi nyuma. Shida ni kwamba anafika halafu hamalizi. Golden anaweza kumfundisha kumalizia? Inawezekana. Lakini Burrow ana umri wa miaka 28 sasa hivi, Chase yuko kileleni sasa hivi. Kumpa kijana miaka miwili ya kujifunza ni kuitumia miaka miwili ya Burrow kama ada ya shule. Murphy naye tulimchagua kwa mwili. Nambari 17 simchukui Stewart.

Kama ni mtu wa pembeni, mimi namtazama Donovan Ezeiruaku wa Boston College. Msimu uliopita saki 16.5, mlinzi bora wa mwaka wa ukanda wao wa vyuo, ACC. Si mrefu, si mzito, ana kama kilo 112 tu, lakini mikono yake ni mirefu kuliko unavyotarajia na ana mbinu nyingi za kumpita mtu: anaanza kwa nje, anakata ndani, anajua wakati wa kuutupa mkono. Wachambuzi wengi wanamweka mwisho wa duru ya kwanza au mwanzo wa pili. Akiteleza mpaka 49, nitapiga kelele majirani waamke.

Katikati ya safu ya mbele tumembakiza B.J. Hill na tumemleta T.J. Slaton kutoka Green Bay, wa kuzuia mbio. Wa kumsumbua kwotabeki kutoka katikati bado hatuna. Hapo kuna Derrick Harmon wa Oregon, aliyehamia pale kutoka Michigan State, saki tano msimu uliopita, na kila mechi niliyomtazama yuko usoni mwa kwotabeki. Walter Nolen wa Ole Miss ana mlipuko mkubwa zaidi wa hatua ya kwanza, ila kuna mechi anapotea. Kenneth Grant wa Michigan ni mlima wa kilo 150, mzuri, lakini kazi yake inafanana na ya Slaton. Kati ya hao watatu mimi ni Harmon.

Jihaad Campbell wa Alabama, lainibeka, ni mchezaji ninayempenda sana. Anakaba, anakimbia, anashuka na wapokeaji, na amekaba mara 117 msimu uliopita. Amefanyiwa upasuaji wa bega baada ya kombaini, kwa hiyo daktari wa timu ndiye mwenye neno la mwisho. Germaine Pratt ameomba kuondoka, nafasi ipo wazi kando ya Logan Wilson. Lakini nafasi hiyo naamini unaweza kuijaza duru ya pili. Yupo Demetrius Knight Jr. wa South Carolina, kaka mkubwa, ana miaka 25, ameshapita vyuo vitatu, ana mke na watoto. Wengine wanamkwepa kwa umri. Mimi kwa timu inayotaka kushinda mwaka huu namchukulia umri huo kuwa faida.

Sasa twende nyuma kabisa, kwa masefti, walinzi wa mwisho. Hapa naomba mnivumilie nichukue muda.

Mnakumbuka tarehe 30 Januari 2022, Kansas City? Fainali ya AFC, nusu yetu ya ligi, muda wa nyongeza, mpira anao Patrick Mahomes, kwotabeki wao. Anarusha mbali, Jessie Bates wetu anaugusa mpira, unapaa, Vonn Bell wetu anaunasa. Evan McPherson anapiga teke, 27 kwa 24, tunaenda Super Bowl, fainali ya ligi nzima. Watu wote wanaimba jina la Burrow, na anastahili, lakini safari ile ilifunguliwa na mabeki wawili wa nyuma waliojuana kama ndugu wa tumbo moja. Machi 2023 wote wawili wakaondoka, Bates kwenda Atlanta na Bell kwenda Carolina. Tangu siku hiyo ulinzi wetu haujawahi kuwa uleule. Bell alirudi msimu uliopita, lakini miguu haikuwa ile ya zamani. Geno Stone na Jordan Battle wanajituma, ila ni mara ngapi tumeona mpokeaji wa wapinzani amebaki peke yake nyuma yao, hakuna mtu wa kumfikia? Kosa la mtu wa mbele linagharimu yadi kumi. Kosa la sefti linagharimu pointi saba. Mechi tulizopoteza kwa pointi moja, tatu, tano, sita, zilikwenda hivyo.

Kwa hiyo chaguo langu la 17 ni Malaki Starks wa Georgia. Ameanza tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, akiwa na miaka 18, kwenye timu iliyochukua ubingwa wa taifa msimu huo. Nendeni mkatazame mpira alioupora dhidi ya Oregon mwaka 2022, mechi yake ya kwanza kabisa, anageuka hewani kama mpokeaji. Msimu uliopita amenasa mpira mmoja tu, na wapo wanaosema ameshuka. Mimi nikiangalia naona Georgia walimhamisha kila mahali: nyuma, karibu na mstari, juu ya mpokeaji wa ndani. Alikuwa akiziba mapengo ya wenzake. Nakubali alikosa kukaba mara kadhaa ambazo hakupaswa kukosa, na hilo Golden atalazimika kulishughulikia mapema. Lakini kichwa chake kinauona mchezo kabla haujatokea, na hicho ndicho kitu tulichokipoteza Bates alipoondoka.

Mtaniuliza, kwa nini si Nick Emmanwori wa South Carolina? Urefu futi 6 na inchi 3, kilo 100, yadi 40 kwa sekunde 4.38, na amenasa mipira minne msimu uliopita, miwili kairudisha mpaka tachidauni. Swali zuri. Yeye ni bora akishuka mbele kupiga watu. Sisi tunamhitaji wa kubaki nyuma kulinda paa, na kwa kazi hiyo namwamini Starks zaidi. Akichukuliwa Starks kabla yetu, naenda kwa Harmon moja kwa moja.

Nimesahau magadi, wale walinda kwotabeki wa katikati ya mstari? Sijasahau. Alex Cappa ameachwa, na Burrow hawezi kuishi msimu mwingine akikimbizwa kutokea katikati. Huyu ni mtu aliyeangushwa mara tisa katika mechi moja ya mchujo kule Tennessee na bado akashinda. Tyler Booker wa Alabama na Grey Zabel wa North Dakota State ni wazuri mno, na Zabel hasa alinivutia kwenye Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wa vyuoni, kwa jinsi anavyoweza kucheza nafasi yoyote ya mstari. Ila gadi mzuri unaweza kumpata duru ya tatu, chaguo la 81. Georgia peke yao wana wawili, Tate Ratledge na Dylan Fairchild, na Fairchild alikuwa mwanamieleka sekondari, mnaweza kuiona mieleka hiyo mikononi mwake akimshika mtu. Sefti wa kuona uwanja mzima duru ya tatu humpati.

Karatasi yangu basi: 17 Starks, 49 Ezeiruaku akiwepo, la sivyo Knight, 81 gadi mmoja wa Georgia. Machaguo matatu ya mwisho, chukueni lainibeka mwingine, mlinzi wa pembeni wa mstari wa Burrow, na mkimbiaji wa kumsaidia Chase Brown, mkimbiaji wetu mkuu. Na kabla ya yote hayo, Hendrickson apewe mkataba wake wiki hii, kwa sababu akiuzwa, hata tukimpata Starks tutakuwa tumeziba paa huku ukuta unabomoka, na itabidi nirekodi video hii upya kuanzia mwanzo nikimtafuta mtu wa pembeni kwa nambari 17.